HOMA IKIKUPATA, USIACHE SINDANO YAKO YA SUKARI



Mara nyingi ukurasa huu unawakumbusha kofia ngumu, viatu vya kazi na kitambaa cha kuzuia vumbi. Hayo yote ni mema. Lakini leo nataka kusema juu ya hatari moja isiyopiga kelele kama jiwe linaloanguka. Hatari hiyo inaingia kitandani, usiku, ndani ya nyumba ya mfanyakazi mwenye ugonjwa wa sukari ambaye amepatwa na gripe, au Covid, au homa nyingine yoyote ya virusi.

Nani kati yetu hajasikia maneno haya: « Leo hakula kitu, basi asichomwe sindano yake »? Maneno hayo yanasemwa kwa upendo. Mama anayasema, kaka anayasema, jirani anayasema. Na mimi nasema wazi: maneno hayo yanaua. Mgonjwa wa sukari aliyepatwa na homa anahitaji dawa yake kuliko siku ambazo yuko mzima. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote ninayoandika hapa ni ya kulieleza.

NILILOLIONA KWA MACHO YANGU

Kabla ya kuingia kazi katika kampuni, nilifanya kazi katika kituo kidogo cha afya ambacho sitakitaja. Usiku mmoja waliniletea mchimbaji mmoja kwa pikipiki, ameshikwa na ndugu zake wawili ili asianguke. Alikuwa na homa. Alikuwa ametapika mchana kutwa. Alikuwa akipumua haraka na kwa nguvu, kama mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani.

Mimi nilifikiri malaria kali. Tena nilifikiri mapafu. Nilimtundikia seromu ya glukozi na kuanza kutayarisha kinini, kama nilivyozoea kufanya. Kimashini cha kupima sukari kilikuwa ndani ya sanduku, hatua mbili kutoka pale niliposimama. Sikukigusa.

Mke wake alifika nyuma, kwa miguu, na mtoto mgongoni. Aliangalia ile seromu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: « Mganga, hiyo haina sukari? Maana yeye ni mgonjwa wa sukari, na hii ni siku ya nne hatumchomi sindano. Hakuwa anakula, tukaogopa sukari itamwishia. »

Ndipo nilipopima. Kimashini hakikuandika hesabu. Kiliandika kwamba sukari imepita kiasi kinachoweza kuhesabu. Na mimi nilikuwa nikimwongezea sukari nyingine kwa mshipa.

Nilitoa seromu ile, nikaweka ya maji ya chumvi, tukatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Alipona baada ya siku nyingi. Kumbe ugonjwa ulioanzisha yote ulikuwa gripe tu. Lakini yule ndugu hakupona kwa akili yangu. Alipona kwa sababu mke wake alisema. Tangu usiku ule, kila mtu anayeletwa kwangu na homa na kupumua haraka, nampima sukari kwanza. Nawaomba waganga wenzangu wote wafanye hivyo hivyo, maana tone moja la damu na nusu dakika vinatosha.

KWA NINI SUKARI INAPANDA HATA KAMA TUMBO NI TUPU?

Watu wengi wanafikiri sukari ya damu inatoka katika chakula tu. Sivyo. Ini ni kama depo. Linaweka akiba ya sukari. Virusi vikiingia, mwili unatangaza vita, unafungua depo na kumwaga sukari katika damu ili viungo vipate nguvu za kupigana. Kwa mtu mzima hilo si kitu, maana mwili wake unatengeneza insulini ya kutosha, na insulini ndiyo inayoiingiza sukari ndani ya viungo.

Kwa mgonjwa wa sukari mambo ni mengine. Fikiria mawe mengi yamerundikwa nje ya kinu, lakini hakuna wafanyakazi wa kuyaingiza ndani. Kinu kina njaa na mawe yako mlangoni. Ndivyo ulivyo mwili wake: sukari imejaa katika damu, na viungo vinakufa njaa. Tena homa yenyewe inafanya insulini kuwa dhaifu, hata ile kidogo iliyopo.

Viungo vikikosa sukari, vinaanza kuchoma mafuta ya mwili bila kipimo. Moshi wa moto huo, kama naweza kusema hivyo, ni sumu kali ya uchachu inayoitwa ketoni. Ndiyo inayoleta kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa nguvu. Wakati huohuo sukari nyingi inatoka kwa mkojo na kuvuta maji ya mwili pamoja nayo. Mgonjwa anakauka kama kisima wakati wa kiangazi. Kwa mtu anayeishi kwa insulini, siku moja au mbili bila sindano zinaweza kutosha kumfikisha hapo.

Kumbuka kwamba insulini ilipotumika kwa mtu kwa mara ya kwanza, mwezi wa 1 mwaka 1922 kule Toronto, Kanada, mgonjwa alikuwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa. Kabla ya hapo, waganga walikuwa wakiwanyima wagonjwa hao chakula ili waongeze siku chache za kuishi. Walikuwa wakikaa na njaa, na bado walikufa. Basi anayemwachisha mgonjwa sindano kwa sababu hali chakula anamrudisha nyuma zaidi ya miaka 100.

VIRUSI VINAFUATA BARABARA ZETU

Sisi watu wa migodi tunatembea sana. Leo uko Kalengera, kesho uko Goma, kesho kutwa uko Ituri au Kivu ya Kusini unatafuta maisha. Virusi navyo vinapanda gari lilelile.

Mwishoni mwa mwezi wa 7 mwaka 2019, mchimbaji wa zahabu aliyetoka upande wa Mongbwalu, Ituri, alikufa kwa Ebola mjini Goma, na ugonjwa ukafika hata kwa watu wa nyumba yake. Mwezi wa 3 mwaka 2020 mgonjwa wa kwanza wa Covid katika nchi yetu alitangazwa Kinshasa, na baadaye ugonjwa ukafika Goma. Mwaka 2023 ni Kamituga, mji wa zahabu huko Kivu ya Kusini, ambako aina mpya ya mpox ilionekana. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa hatari ya dunia nzima.

Sasa, wakati wa magonjwa hayo, ni nani alilipa zaidi? Kule Uingereza, katika miezi ya kwanza ya Covid mwaka 2020, karibu mtu mmoja kwa kila 3 waliokufa kwa ugonjwa huo hospitalini alikuwa na ugonjwa wa sukari. Nasi Waafrika tulipimwa: mwezi wa 11 mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu za nchi 13 za Afrika. Kati ya wagonjwa wote wa Covid, kama 2,5 kwa 100 walikufa. Kati ya wale wenye ugonjwa wa sukari, walikufa 10,2 kwa 100. Ni mara 4.

Sisemi hivyo ili kukutisha. Nasema ili ujue kwamba gripe ya mwenye sukari si gripe ya jirani yake.

MAMBO YA KUFUATA SIKU YA HOMA

Kata sehemu hii, uibandike ukutani karibu na kitanda.

1. Insulini haiachwi. Kipimo kinaweza kupandishwa au kupunguzwa, lakini hiyo ni kazi ya mganga. Usikibadilishe kwa kuota, wala kwa shauri la jirani. Kama huwezi kula, njoo dispansari au tuma mtu siku hiyohiyo.

2. Kwa wale wanaotumia vidonge, mambo yanatofautiana. Ukitapika au ukiharisha sana, metiformini inaweza kukudhuru, na mara nyingi tunaisimamisha kwa muda. Glibenklamidi inaweza kuangusha sukari kama huli. Kwa hiyo usiendelee kimyakimya, wala usiache kimyakimya. Uliza kwanza, siku ileile.

3. Pima sukari kila saa 4, mchana na usiku. Kama huna kimashini, njoo upimwe asubuhi na jioni. Andika hesabu na saa katika daftari. Mganga anayeona hesabu anafanya kazi vizuri kuliko mganga anayesikia habari.

4. Kunywa. Kikombe kimoja kila saa, kidogo kidogo, hata kama unatapika. Sukari ikiwa juu, kunywa maji safi, chai bila sukari au mchuzi mwepesi wenye chumvi. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aulize kwanza kiasi chake.

5. Kama bugali na sombe havipiti kooni, jaribu uji mwepesi, kiazi kilichopondwa, ndizi iliyopikwa. Kama hata hivyo havipiti na sukari inashuka, hapo chai yenye sukari ni dawa.

6. Ukiharisha, usikatae seromu ya kunywa ya dispansari kwa sababu ina sukari. Sukari yake ni kidogo na ina kazi ya kupitisha maji na chumvi mwilini.

7. Sukari ikishuka chini ya 70, mgonjwa anatetemeka, anatoka jasho baridi, anasema ovyo. Mpe vijiko vidogo 3 vya sukari katika nusu glasi ya maji. Ngoja dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini. Kama amezimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na kumkimbiza hospitali.

8. Mgonjwa asilale peke yake. Mtu mmoja amwamshe usiku, amwangalie, amsemeshe.

USINGOJE ASUBUHI

Mlete mgonjwa mara moja, hata usiku wa manane, ukiona moja ya dalili hizi:

— sukari imepita 250 mara mbili mfululizo, au kimashini kinakataa kuhesabu;
— anatapika bila kusimama, hawezi kushika hata maji;
— anapumua haraka na kwa nguvu, au pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva sana;
— tumbo linamuuma sana;
— mdomo umekauka, macho yameingia ndani, mkojo umepungua;
— analala mno, anachanganyikiwa, hakujibu vizuri.

Wengine wakiona kupumua kule na maneno yale ya ovyo, wanasema ametupiwa kitu, na wanapoteza siku mbili kwa mganga wa kienyeji au katika chumba cha maombi. Mimi sikatazi maombi. Omba ukiwa njiani kuelekea hospitali.

DAWA ZINAZODANGANYA

Hapa kwetu kila homa inaitwa malaria. Pima kwanza. Na kama ni malaria kweli, mwambie mganga: « Mimi nina sukari. » Kinini inaweza kuangusha sukari ghafula, na kwa kawaida inatundikwa pamoja na glukozi inayoipandisha. Asiyejua atapigwa huku na huku.

Tena kuna deksametazoni. Mwaka 2020 waganga wa Uingereza walionyesha kwamba inaokoa wagonjwa wa Covid wanaohitaji oksijeni. Ni kweli. Lakini watu wakaanza kuinunua sokoni na kuimeza kwa kila kikohozi. Dawa hiyo inapandisha sukari sana. Usiimeze bila mganga. Nazo siro nyingi za kikohozi zimetengenezwa kwa sukari. Soma karatasi, au uliza.

INSULINI BILA FRIGO

Mama mmoja wa Kalengera aliniambia: « Sina frigo, basi dawa yangu si inaoza? » Jibu ni hili. Chupa zisizofunguliwa zikae baridi, kati ya digrii 2 na 8, na dispansari ipo kwa kazi hiyo: ziache kwetu, chukua moja moja. Chupa uliyoifungua inaweza kukaa kwako. Watu wa MSF na Chuo Kikuu cha Geneva walipima jambo hilo, wakifuata joto la kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, mahali pa joto kuliko kwetu. Mwaka 2021 walitoa majibu: insulini iliyokaa wiki 4 katika joto la kati ya digrii 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Basi iweke katika chungu kilichofunikwa kitambaa chenye maji, kivulini, mbali na jiko. Chupa yenyewe isilowe, isikae juani, wala isigandishwe. Andika tarehe uliyoifungua, na baada ya wiki 4 uibadilishe.

Na weka tayari mfuko wa safari: insulini, sindano, vijikaratasi vya kupimia, sukari kidogo, daftari. Watu wa Goma na Rutshuru hawana haja ya kuelezwa kwa nini. Mwezi wa 5 mwaka 2021 Nyiragongo ilipolipuka, watu walikimbia usiku na nguo walizovaa. Mwezi wa 1 mwaka 2025 vita vilipoingia Goma, umeme na maji vilikatika. Siku kama hiyo hakuna anayekungojea urudi kuchukua dawa.

NENO KWA MAKAPITA NA KWA WAKUBWA

Sasa niseme lile ambalo labda halitafurahisha wote.

Katika migodi yetu wako wafanyakazi wanaoficha ugonjwa wao wa sukari. Wanachomea sindano chooni. Wakipata homa, wanameza vidonge viwili na kushuka shimoni, maana wanaogopa kapita atasema: « Huyu ni mgonjwa, tafuta mwingine. » Tena mtu ambaye sukari imemshuka anayumba na kusema ovyo, na kapita asiyejua anamwandika kuwa amekunywa kasiksi.

Najua jibu la makapita. Wanasema: tukiwaachia wenye sukari wapumzike kila wanapokohoa, kila mtu atajifanya mgonjwa, na kazi itasimama. Si neno la bure. Mimi pia nimewaona wanaokuja na homa ya Jumatatu baada ya pombe ya Jumapili. Lakini sukari haidanganyi. Kimashini kinaonyesha hesabu, na hesabu haijui urafiki. Mfanyakazi aliyepimwa na dispansari ikaandika kwamba apumzike, apumzike bila kukatwa mshahara. Siku 3 za kitanda ni bei ndogo kuliko mwezi mmoja wa hospitali, au kuliko mtu anayezimia juu ya ngazi huku wenzake wako chini yake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila sanduku la huduma ya kwanza shimoni liwe na kimashini cha kupima sukari, na pakiti ya sukari pamoja na chupa ya maji. Pili, makapita wote wafundishwe kutofautisha mlevi na mtu ambaye sukari imeshuka. Tatu, isemwe wazi mbele ya wafanyakazi wote kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa sababu ametaja ugonjwa wake. Mambo haya hayahitaji mashini kubwa wala mtaalamu kutoka ng'ambo.

Na wewe, ndugu unayeficha: mwambie angalau mtu mmoja wa zamu yako. Nyumbani, mwonyeshe mke wako au mume wako daftari lako na dawa yako. Yule mchimbaji wa usiku ule aliishi kwa sababu mke wake alijua ugonjwa wake na hakuona haya kumsahihisha mganga. Mama, ukiona mganga anakosea au amesahau kuuliza, sema. Mimi sitakasirika. Nilikwisha sahihishwa mara moja, na mtu akapona.

KUMBUKA: Hali chakula, bado anahitaji sindano yake. Pima, kunywa, uliza, usingoje. Afya yako ndiyo chombo chako cha kwanza cha kazi.

Mganga msaidizi wa dispansari ya kampuni